Hindi la Mkunga wa Inyonga

Juzi Inyonga nilimkuta mkunga wa Kikonongo akifundisha wahudumu wa afya wa vijiji kuhusu sikoseli, ugonjwa wa damu unaorithiwa. Baba mmoja, aliyeleta mwanawe mgonjwa, akadakia: "Kwetu haupo. Kauleta mke wangu."

Mkunga akampa hindi lenye punje za njano na nyeupe. "Nilipanda punje za njano tupu, baba. Hizi nyeupe zimetoka wapi?"

"Zilijificha humo humo."

"Basi nyeupe haitokei mpaka pande zote mbili ziwe zimeificha."

Baba akaligeuza hindi, akalitazama, kisha akakunja mkono wa shati. "Nipimeni na mimi."

Daktari mgeni, aliyekuwa amejaza ubao herufi za kueleza urithi huo, akaliomba hindi akafundishie mjini.

"Hii mbegu," mkunga akamjibu. "Nenda kapande yako."

Nikatoka kifua mbele, utadhani nimelilima mimi.