Kostiki ya Kasingirima

Anifa hakuwa miongoni mwa wanawake waliofundishwa na mradi wa sabuni. Mradi ulipoingia Kasingirima, mtaa wao wa kando ya ziwa, yeye alikuwa kijijini Ilagala akimuuguza mama yake. Aliporudi baada ya mazishi, alimkuta jirani yake Siwema anatengeneza sabuni ya mche kwa mawese, na sabuni hiyo inauzika mpaka Ujiji.

Wakati huo ziwa lilikuwa limefungwa ili samaki wazaliane. Yassir, mumewe Anifa, mvuvi wa migebuka, alishinda barazani akishona nyavu zisizo na pa kwenda. Anifa akamwendea Siwema.

"Dada, na mimi niingize."

"Walimu wameshaondoka," Siwema akamwambia. "Lakini nitakufundisha mwenyewe."

Alimfundisha kadiri alivyojua. Alimwonyesha kostiki, ile dawa nyeupe inayoyageuza mawese kuwa sabuni. Akamwambia kwamba hutiwa ndani ya maji kidogo kidogo, wala maji hayamwagwi juu yake, kwa maana huchemka na kuruka. Miwani na glavu za mradi zilikwisha chakaa, na mradi ulipofungwa hakuna aliyeleta nyingine. Wanawake walikuwa wanafanya kazi hivyo hivyo.

Asubuhi moja Siwema alikwenda sokoni. Anifa, mwepesi wa kazi, alitaka mwenzake akirudi akute mambo tayari. Akamimina kostiki kwenye ndoo, kisha akachukua jagi la maji akaimwagia.

Majirani walimkuta amekaa chini, viganja vimefunika uso. Mmoja alichota maji, mwenzake akamshika mkono.

"Usimwagie. Si maji ndiyo yaliyoiwasha?"

Wakampaka mawese machoni, wakamfunga kanga, wakamtafutia bodaboda. Hospitali walimwosha kwa maji, wakamwosha sana. Siwema alifika anahema. Daktari akamweleza kwamba kama angeoshwa palepale nyumbani, pengine jicho moja lingepona.

Anifa alirudi kwake kipofu.

Yassir hakupiga kelele. Siwema alipokuja kumjulia hali mgonjwa, alimzuia mlangoni, akasema polepole, "Ulimchukua mke wangu ana macho."

Siwema alirudi nyumbani akaifukia nyuma ya choo kostiki yote iliyobaki. Kikundi cha wanawake wa sabuni nacho kikafa. Waume waliwakataza wake zao, na wasiokuwa na waume wakajikataza wenyewe.

Miezi ikapita, ndipo Feliksi, aliyekuwa mwalimu wa mradi, aliporudi na wageni wawili. Walitaka kuwaona akina mama waliofanikiwa. Siwema akawaongoza mpaka uani kwa Anifa, aliyekuwa anachambua maharage kwa kupapasa.

"Nani hao?" Anifa akauliza.

"Watu wa mradi."

"Karibuni. Poleni na safari."

Siwema akawaeleza yaliyotokea, hakuficha hata kosa lake. Mgeni mmoja akairudisha kamera mkobani. Feliksi akasema, "Lakini huyu mama hakuwemo kwenye mafunzo."

"Kweli, mwalimu," Anifa akajibu. "Sikuwemo."

Akaendelea kuchambua maharage. Wageni hawakukaa. Baadaye boksi la miwani na glavu lililetwa ofisi ya mtaa, na hapakuwa na kikundi cha kwenda kulichukua.

Ziwa lilipofunguliwa, Yassir alirudi majini, lakini siku nyingi mtumbwi ulirudi na samaki wa mboga tu. Anifa akaagiza Siwema aitwe.

"Utaanza tena lini?"

"Sianzi, mdogo wangu. Siwezi kukiona kile kitu."

"Aliyepofuka ni mimi. Wewe umekaa kwa ajili ya nini? Humu ndani tunakula mara moja kwa siku."

Siwema alilia, na Anifa akamwacha alie, hakumbembeleza. Wiki iliyofuata Siwema alikwenda mwenyewe ofisi ya mtaa, akatoka na miwani na glavu.

Sasa kostiki anaigusa yeye peke yake, pipa la maji likiwa wazi kando yake. Anifa huletewa miche ikishakauka, akaikwangua na kuifunga. Mikono yake haijazoea bado. Vipande vingine huvunjika, navyo huuzwa kwa bei ya chini. Nyumba yake inakula kwa sabuni hiyo, na Yassir anakula. Akikutana na Siwema njiani, Siwema humsalimu. Yassir hupita bila kumjibu.