Matundu Niliyoyaziba kwenye Bawa la Ndege

Heri mnisikie mimi kabla ya watu wa Same, maana wao wataongeza chumvi.

Wazazi walipofariki niliacha shule, nikashika randa, nikamsomesha mdogo wangu Namkunda. Juzijuzi tajiri wetu alileta karakanani mashine ya kukata mbao kwa kompyuta, akamkabidhi yeye, si mimi. Sasa wateja wanamwita fundi. Mimi wananiita kaka yake fundi. Iliniuma.

Wiki iliyopita Namkunda alikata mbavu za bawa kwa ajili ya mzee mmoja anayejiundia ndege nyumbani kwake. Kila ubavu ulitoka na matundu makubwa. Nikafurahi moyoni: mashine imeharibu! Seremala anayejiheshimu hatoi kazi yenye tundu. Namkunda alipokwenda kula, niliyaziba yote kwa vipande vya mninga na gundi, nikapiga msasa hadi yakapotea.

Mzee alipofika na jamaa zake, niliwahi mbele.

"Shikamoo, mzee. Binti aliharibu, lakini mwenye kazi yake nimeshanyoosha."

"Marahaba." Akanyanyua ubavu mmoja, mkono ukashuka. "We bwana, matundu ndiyo yanayopunguza uzito! Hii hairuki, labda tuifanye kitanda."

Watu wakaangua kicheko. Namkunda hakucheka.

"Nisamehe, mzee," alisema. "Kaka aliniuliza, nami sikumweleza vizuri. Nitakata upya."

Sikuwa nimemuuliza lolote, na kila aliyesimama pale alinijua vya kutosha kulitambua hilo.