Nilimuua mama yangu kwenye interview, kumbe alikuwa dirishani

Wakuu, salamu kutoka Kashebere, huku Kongo, pale Walikale inapogusana na Masisi. Naanza na ujinga wangu kabla dada yangu hajaja kuuandika kwenye comments: nilimuua mama yangu mbele ya watu watatu wenye kalamu, na yeye mwenyewe alikuwa anasikiliza.

Yote ni kweli, hata sehemu zinazoniaibisha.

Iko hivi. Shule yetu ilikuwa imefungwa kwa sababu ya mapigano. Kampeni ya chanjo ya surua ikatafuta mtu mmoja wa kupita vijijini na megafoni wiki tatu, kuwaita wamama walete watoto.

Megafoni, wakuu. Mimi ambaye mwalimu alinitoa darasani mara nne kwa kelele, sasa nilipwe kwa kelele zilezile. Tena malipo yangetosha minerval yangu, yaani ada ya shule. Mama alishasema wazi: bila hiyo kazi, shule ikifunguliwa mimi nabaki shambani na maharage.

Sasa mjue kitu kimoja. Sisi tulikimbia milima ya Masisi, na huku mkimbizi akiona mtu ameshika fomu, anajua ni liste ya msaada.

Liste ina majibu yake. Uko na nini? Sina. Nyumba? Iliungua. Ukijibu "tuko sawa, asante", unarudi bila turubai. Mimi ni fundi wa liste. Machozi ya jicho moja nayaweza.

Basi naingia kwenye interview. Meza, fomu, kalamu tatu. Mdomo ukajiendesha wenyewe.

Mama mmoja wa miwani, supervisa wa kampeni, akaanza: "Uko na experience gani?"

"Sina kitu, Mama."

"Unajua kufanya nini?"

"Hakuna. Vyote vilibaki Masisi."

Akashusha miwani. "Hata akili?"

Papa mmoja, mwenzake aliyekaa pembeni, akajifanya anakohoa.

"Juu ya nini tukupatie weye hii kazi?"

Nikainamisha kichwa. "Juu niko yatima, Mama. Mama yangu alikufa mu njia."

Dirisha halina kioo. Sauti ikaingia: "Nilikufa siku gani?"

Mama yangu. Jembe begani, mkononi carte d'élève yangu, kitambulisho cha shule nilichokisahau kwenye suruali nyingine. Alikuwa ameniletea.

Jasho lilinitoka mpaka kwenye magoti. Sikujua magoti yanatoa jasho.

Supervisa akamgeukia: "Mama, huyu mutoto iko namna hii siku zote?"

"Tangu azaliwe," mama akajibu. Nikajua megafoni imekwenda. Halafu akaongeza: "Lakini mumuulize siku tulikimbia, alifanya nini."

Wakaniuliza. Safari hii nikasema ukweli, maana mwenye ushahidi alikuwa na jembe.

Nikawaambia kulikuwa na ukungu mzito, watu wanapotezana. Nikapanda juu ya jiwe, nikaanza kuita majina ya familia kwa Kihunde, kwa Kinyarwanda, kwa Kiswahili. Katikati natia vichekesho ili watoto wasiogope, waifuate sauti. Watoto wawili waliwapata mama zao hivyo. Kwangu ilikuwa kelele tu, sikujua inaitwa kazi.

"Hiyo njo experience," supervisa akasema. "Na udhaifu yako?"

"Naongea sana."

"Ile tumeshaona."

Akaisukuma megafoni upande wangu wa meza. Wakuu, niliishika kama mtoto mchanga.

Nilichojifunza: interview si liste. Usiseme huna experience eti kwa sababu hujawahi kulipwa. Tafuta siku moja uliyofanya kitu, waambie ilikuwa wapi, na nani, na wewe ulifanya nini. Udhaifu taja wa kweli, ila ule wanaoweza kuuvumilia wiki tatu. Na usimuue mtu anayejua njia ya kufika pale.

Nyinyi mkiulizwa "kwa nini wewe", mnajibuje? Andikeni hapa chini. Majibu mabaya zaidi nitayasoma kwa megafoni.

Mnauliza mama je? Njia nzima alitangulia mbele, jembe begani. Tumefika nyumbani, njaa inaniuma, majani ya muhogo bado yako kikapuni, nikauliza chakula kiko wapi. Akakaa, akanyoosha miguu, akasema:

"Mutu mwenye kufa hapikake. Sombe iko kule, twanga."