Jiko la Mama Mbithe Siku ya Krismasi

Siku ninayoikumbuka kila Krismasi ikikaribia, mwanangu, ni ile ambayo wageni walikaa uani kwetu wakiangalia wali ukipoa, na hakuna aliyethubutu kuugusa. Nilikuwa msichana mkubwa, tayari watu wameanza kuulizia habari zangu. Na usiudharau wali huo. Miaka ile ya thelathini ulinunuliwa dukani kwa Mhindi kule Tawa, na ukishaliwa siku hiyo, mwaka mzima huuoni tena.

Ngoja kwanza nikueleze desturi ya kwetu, maana bila hiyo utadhani susu alikuwa mkorofi tu. Susu ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita nyanya. Huyu alikuwa mama ya baba yangu. Siku yoyote ya sherehe, iwe ya mavuno au hii Krismasi ambayo ndiyo kwanza tulikuwa tumeipokea, hakuna aliyekula kabla yake, naye alionja chakula cha kila jiko la mwanawe. Baba alikuwa na majiko mawili. La kwanza lilikuwa la mama yangu. La pili lilikuwa la mke mdogo, Mbithe kwa jina lake mwenyewe, ambaye sisi watoto tulimwita Mama Mbithe, aliyeolewa kutoka Kitui, ng'ambo ya Mto Athi. Jiko ambalo susu hakulionja lilihesabika limezimwa, na mwenye jiko hilo alijua hana kwake tena pale.

Sasa baba alikuwa ameanza kusoma kwa watu wa misheni. Alitaka sana kubatizwa, na aliambiwa wazi kwamba haiwezekani akiwa na wake wawili. Basi akamwambia Mama Mbithe arudi kwa wazazi wake na mtoto aliyekuwa bado ananyonya, wale wakubwa wabaki. Alimwambia taratibu, bila tusi hata moja, na mpaka leo nafikiri upole ule ulimuuma zaidi. Mvua za mwisho wa mwaka zilikuwa zimejaza Athi, hakuna wa kuvuka, kwa hiyo safari ikangoja maji yapungue. Krismasi ikatukuta hivyo. Mwanamke ameshafunga mizigo, na kinachomzuia kwetu ni mto peke yake.

Mama yangu hakusema neno juu ya jambo hilo. Nilidhani amefurahi. Mke gani hangefurahi kubakiziwa boma zima?

Siku yenyewe alikuja mzee wa kanisa na waumini wachache, ili wale pamoja nasi na waone nyumba ya baba ilivyo. Hakuwa mtu mbaya mzee yule. Alikuwa ametembea kwenye matope tangu alfajiri ili atusalimie, na alituita sisi watoto kwa majina yetu. Baba alikuwa ameagiza siku hiyo liwake jiko moja tu. Mbuzi akachinjwa, mama akapika wali na nyama, chai ikachemka, mzee akaomba. Mimi nikampelekea susu sahani ya kwanza, ini lililopikwa mpaka likalainika, kwa sababu yale meno yake yaliyochongwa ujanani yalikuwa yameshamwisha.

Akaonja. Kisha akashika mkongojo wake, akavuka uwanja mbele ya wageni wote, akaingia kwa Mama Mbithe na kuketi kando ya mafiga baridi. Tukangoja arudi. Hakurudi.

Baba akamfuata. Mimi nilitumwa nyuma yake na maji ya susu ya kunawa, ndiyo maana niliyasikia haya.

"Mama, wageni wanangoja," baba alisema.

"Na mimi nangoja. Sijala cha nyumba hii."

"Lakini unajua nilivyoambiwa. Kanisa linataka mke mmoja."

Susu hakupandisha sauti. "Utalala wapi, hilo ni lako na kanisa lako, mimi sikuulizi. Lakini haya mafiga niliyapanga mimi. Moto wa kwanza niliuleta mimi, siku ulipomleta huyu mtoto wa watu. Sasa niambie nani amepewa ruhusa ya kuuzima."

Mama Mbithe alikuwa amekalia mzigo wake, mtoto kifuani, machozi yakimtoka bila sauti. Mimi roho iliniuma hata nikamwaga yale maji.

Tukiwa tumeduwaa hivyo, mama yangu akatokea. Alikuwa ameteka makaa kutoka jikoni kwake kwa kigae cha chungu, akayabeba kupitia katikati ya wageni, moshi ukimwingia machoni. Akapiga magoti, akayaweka katikati ya mafiga, akapuliza mpaka moto ukashika.

"Mbithe," akasema, "kunde ziko?"

"Ziko."

"Basi chuma upike. Mama ana njaa."

Mzee wa kanisa akavaa kofia yake. Alimwambia baba kwamba atamwombea, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye huzuni. Wakaondoka bila kula. Kunde zilipoiva susu akaonja, nasi tukala wali uliokwisha poa. Baba hakula siku hiyo.

Usidhani mambo yalinyooka hapo. Ubatizo wa baba uliahirishwa, na kwa miezi mingi hakuongea na mama ila la lazima. Alipokuja kubatizwa hatimaye, Mama Mbithe alikuwa bado yuko, ana jiko lake, ana watoto wake wote, ila baba halali kwake tena. Hilo nalo lilikuwa na uchungu wake. Alikuwa bado mwanamke kijana, na siwezi kukudanganya kwamba alicheka kila siku.

Baadaye, nikiwa nimeshaolewa, nilimuuliza mama kwa nini alibeba moto ule. Akanijibu, "Nilitamani kweli abaki mke mmoja. Halafu nikajiuliza, kama la Mbithe linazimwa kwa neno la asubuhi moja, langu linalindwa na nini?"

Basi, mwanangu, nasikia siku hizi mnapanga Krismasi kwa simu, nani aje, nani asije, huyu ameachika, yule alitukana watu matangani. Mna sababu zenu. Baba naye alikuwa na sababu, tena ya kumtafuta Mungu. Mnayoyashindania, yashindanieni mwaka mzima mkitaka. Lakini siku hiyo, yeyote ambaye ukoo ulimpokea kwa mikono yake asikae akisikia harufu ya nyama kutoka nyumba nyingine. Na ukiona wakubwa wote wamenyamaza, usingoje wa kukutuma. Wageni watachukia, mumeo au mkeo atanuna. Watanuna, na utaishi.

Mama Mbithe tulimzika kwetu, si ng'ambo ya mto. Kaburi lake liko ubavuni mwa la mama yangu, na watoto wa nyumba zote mbili tulilifukia pamoja.

Mungu akulinde, mwanangu. Akupe mvua ya kutosha na watu wa kula nao, na uzee wako usikukute mlango wako umekosa wa kuubisha.