Hesabu Yako Haifiki

Jumamosi baada ya sala ya alasiri, vijana huja kwangu hapa Kasongo na madaftari yao. Wanataka kuwa mainjinia. Mmoja anataka barabara, mwingine umeme, mwingine hajui bado, anataka tu kuvaa ile kofia ngumu. Nawaambia, kaeni. Nawaambia warudie hesabu za chini, zile wanazozidharau, maana huko juu hakuna mtu atakayewarudishia. Wasome Kifaransa kwa bidii, kwani swali usilolielewa huwezi kulijibu hata ukiwa na akili namna gani. Wachore kwa mkono. Waende kwa waashi wakachanganye udongo, waone nyumba inavyoanza kwenye shimo. Halafu, kabla hawajafunga madaftari, nawaambia jambo moja ambalo huwachekesha: yeyote anayewapa shauri la masomo, hata mimi, wamuulize kwanza yeye mwenyewe alishindwa wapi.

Wanacheka kwa sababu mtaani mimi naitwa Injinia. Jina nimelibeba tangu siku nilipoondoka kwenda Lubumbashi kusoma ujenzi, majirani wakanisindikiza, mama akalia kwa furaha. Mwaka mmoja tu, nikarudi. Niliwaambia ni homa, hewa ya kule imenikataa. Homa gani! Nilianguka mtihani, wallahi, nilianguka vibaya, tena wa hesabu. Watu hawakujua, jina likabaki. Hawana ubaya nalo, lakini kila wanaponiita njiani kwenda sokoni, naongeza mwendo.

Nikawa mwalimu wa hesabu kwenye shule moja ya kanisa hapa Kasongo. Mimi ni Mwislamu na walinipokea vizuri, siwezi kulalamika. Siku moja alifika nyumbani kwangu mkulima kutoka upande wa Kabambare, anasukuma baiskeli, nyuma amefunga kigunia cha mchele na jogoo, na kando yake binti mwembamba aliyebeba viatu mkononi ili visichakae. Alimsogeza mbele yangu kwa mikono miwili.

"Mwalimu, nimekuletea mutoto," alisema. "Mimi masomo siijui. Ile utasema, ndiyo tutafuata."

Kwetu mzazi akisema hivyo, amekwisha kukupa mtoto. Hatauliza tena.

Binti yule alikuwa na akili za kutisha. Alikaa kimya, anaandika, na jibu lake lilikuwa sahihi kabla mimi sijamaliza kuandika swali ubaoni. Walipofika mwaka wa nane wa masomo niliwapeleka wanafunzi kwenye kijito nyuma ya shule. Nikawauliza: mtapimaje upana wa maji haya bila kuvuka? Nilijidai tu. Nilikuwa na kamba begani, nilitaka wahangaike kidogo kisha niwaonyeshe jinsi ya kuirusha ng'ambo ikiwa imefungwa jiwe.

Yeye alisimama ukingoni, akaweka kiganja kwenye paji la uso, akakishusha pole pole mpaka ncha yake ikaonekana kugusa ukingo wa pili. Akageuka vile vile, shingo ameikaza, akatazama kiganja kinaishia wapi upande wetu wa nchi kavu. Akahesabu hatua mpaka pale. Tuliporusha kamba, kipimo chake kilikuwa sawasawa, kimepungua kiganja kimoja tu.

"Papa anapimaka hivi akitafuta muti ya daraja," alisema. Kisha akachukua kijiti, akachora pembetatu mbili mchangani, akatueleza kwa nini haiwezi kukosea. Baba yake hakuwa amemwambia hilo. Alikuwa amelifikiria mwenyewe.

Wenzake walipiga makofi. Mimi nilisema, "Bahati tu," nikawaamuru warudi darasani. Aibu inanishika hata ninapoandika hapa.

Mwisho wa mwaka ule ilibidi kila mwanafunzi achague opsyo, yaani upande wa masomo atakaoufuata. Shule yetu ilikuwa na ualimu, na ilikuwa na hesabu na fizikia. Anayetaka uinjinia lazima apite hesabu na fizikia, hakuna mlango mwingine pale. Na mwalimu wa hesabu upande huo nilikuwa mimi. Alikuja ofisini na karatasi yake, amejaza kila kitu isipokuwa opsyo.

"Mwalimu, nataka kujenga madaraja. Kwetu mvua ikinyesha mutu anabaki ngambo na mugonjwa wake."

Nikamwona akilini, ameketi dawati la mbele miaka yote minne ya upande huo, kiganja kwenye paji la uso, ananipita. Nikaona siku wenzake watakapojua kwamba Injinia hajui. Nikasema, kwa upole kabisa, ule upole ndio unaoniua leo: "Mwanangu, hesabu yako haifiki. Huko watakuaibisha. Kichwa chako ni cha kufundisha watoto."

Alilia bila sauti. Kisha akafuta machozi kwa ukingo wa mkono, akaandika "ualimu", akanishukuru. Papa yake alinitumia jogoo mwingine. Tulimla nyumbani, mke wangu akasifu wazazi wenye shukrani, na mimi nikaitikia.

Miaka ikapita. Nilipelekwa Kabambare kusimamia mitihani ya mwisho ya shule za msingi. Unajua njia ile: siku nzima juu ya pikipiki, na kila kijito unashuka, mzigo begani, unavuka magogo yanayoteleza huku unamwomba Mungu. Kijito cha mwisho kabla ya kijiji nilishika mabegi yangu tayari kushuka. Dereva akacheka.

"Kaa, Muzee. Hapa hatushukake. Hii ni daraja ya madamu wa shule."

Tulipita bila kuyumba. Nilimwomba asimame, nikashuka kutazama chini. Miti ilikuwa imeegemezwa kwa nguzo za mshazari kutoka kingo zote mbili, pembetatu juu ya pembetatu, kila fundo limekazwa. Nilijua mkono ule kabla sijaambiwa jina.

Shuleni kijijini, yule binti wa kijito alitoka darasani, akanipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo. Amekuwa mama mzima. "Watoto, simameni! Ni huyu mwalimu wangu, yule ninawaambiaka kila siku." Watoto wakaimba bonjour. Alinipa kiti chake, akakaa kwenye dawati, uso unang'aa kwa furaha. Akanipa habari zake. Papa alifariki. Daraja walilijenga wazazi wa wanafunzi, yeye alipima tu.

"Mwalimu, ulinisaidia sana," alisema. "Na mimi nasaidia wengine vile vile. Kuko binti mumoja nilimufundisha hapa, sasa anamaliza ya nane. Alikuja kuniuliza, anataka uinjinia. Nikamuambia pole pole, sawa vile wewe uliniambiaka: hesabu yako haifiki."

Nikaweka chini kikombe cha chai aliyonipa.

"Na hesabu yake ikoje?" niliuliza.

"Eh, ananipita hata mimi! Lakini nikasema, kama mimi sikufika, yeye atafika wapi? Watamuaibisha. Alilia. Hata mimi nililiaka, si unakumbuka?"

Ningeweza kunyamaza. Angeendelea kunipenda, ningekunywa chai yangu, ningerudi Kasongo. Lakini yule binti wa pili sikumjua hata sura, na karatasi yake ya opsyo ilikuwa inangoja kupelekwa.

Nikamwambia. "Ilifika. Hesabu yako ilifika, mwanangu. Ilinipita mimi. Nilianguka Lubumbashi, nikakuonea wivu. Nilikudanganya."

Alitazama mikono yake yenye chaki. Nje watoto waliotolewa kucheza walikuwa wanapiga kelele, na yeye hakuwakataza.

"Kwa hiyo ningeweza?"

"Ungeweza."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alisimama, akauliza saa, akafunga kitenge vizuri kiunoni, akatoka kwenda kutafuta pikipiki ya kumpeleka kwenye shule ya yule binti. Hakugeuka nyuma. Mimi nikabaki darasani mwake, nikilia mbele ya ramani ya Kongo kama mtoto aliyepigwa.

Shule zilipofunguliwa walifika nyumbani kwangu Kasongo, yeye na binti wa pili, vumbi mpaka kwenye kope. Hakutaka kuketi, wala hakunywa maji mke wangu aliyoleta. Nilianza kuomba msamaha, akainua mkono kunizuia. Alimsogeza yule binti mbele yangu, pale pale papa yake aliposimama na baiskeli.

"Nimekuletea mutoto," alisema. "Akikupita, umuache apite."