Jirani wa Shamba la Simu

Katika duka letu la mabati na misumari mjini Embu, saa ya chakula cha mchana ni saa ya simu. Vijana wetu wawili wa kupakia mizigo hula chapati kwa mkono mmoja huku kidole cha mkono mwingine kikikimbiza mpira kwenye kioo. Juzi walikuwa wakiulizana nani anacheza gemu gani siku hizi, na mmoja wao, kwa heshima tu ya kutoniacha nje ya mazungumzo, akanigeukia.

"Na wewe anti, uko kwa gemu gani?"

"Niko na shamba," nikasema.

"Ile ya kuku na karoti? Wacha! Hiyo si ni ya watoto?"

Wakacheka, nami nikacheka nao, maana kuku wa gemu ile kweli huvaa kofia. Kisha nikainuka kwenda kuosha sahani yangu ingawa sikuwa nimemaliza kula. Machozi yalikuwa karibu, na sikuwa na hamu ya kuwaeleza watu wenye chapati mdomoni. Nitaeleza hapa.

Shamba lile si langu, ni la mama. Mama alikuwa mkulima wa Siakago, wa ndengu, mtama na kunde, mahali ambapo mvua huja ikitaka. Figo zake zilipoharibika ikabidi awe anasafishwa damu kwa mashine hospitalini Embu, nami nikamleta kwangu, mtaa wa Majimbo. Alikuwa akikaa kwenye kochi langu mchana kutwa na viatu vyake miguuni, tayari kuondoka. Hakuwa akililia nyumba yake wala mbuzi wake. Alichokuwa akililia ni zamu.

Kule kijijini wanawake hulimiana. Leo wote wanapalilia kwa huyu, siku nyingine kwa yule, mpaka mzunguko umfikie kila mmoja. Mama alipougua wenzake hawakumruka. Walipalilia shamba lake msimu mzima, kisha wakanipigia simu kwa furaha kunieleza jinsi ndengu zilivyokuwa safi. Mimi niliwashukuru sana. Mama aliposikia alijifunika leso usoni.

"Wanakuja kwangu na mimi siendi kwa mtu," alisema kwa Kimbeere, lugha yetu ya nyumbani. "Huo si ujirani tena, hiyo ni sadaka. Mimi sijawahi kuwa mtu wa sadaka."

Nikamwambia apone kwanza, atakwenda. Nilijua haponi. Naye alijua kwamba najua, tukaiacha hapo.

Ile gemu niliiweka kwenye simu yangu ya zamani ili apitishe saa za mashine, ambapo mkono mmoja umefungwa mirija na mwingine hauna kazi. Nilidhani ataitazama mara moja na kunirudishia. Kumbe alikuwa na maswali. Alitaka kujua mvua ya huko inanyesha mwezi gani. Nikamwambia hakuna mvua, mtu anamwagilia kwa kidole. "Basi ni Siakago," akasema, na huo ulikuwa utani wake wa kwanza tangu augue. Gemu ilipouliza jina la mwenye shamba, nilianza kumwandika kama mama wa kaka yangu, jinsi kila mtu alivyomwita. Akanishika mkono. Alitaka jina lake mwenyewe, la kuzaliwa, ambalo tangu aolewe lilikuwa limebaki kwa makarani tu. Nikaliandika.

Siku moja akiwa kwenye mashine akaniita kwa sauti ya kutisha mpaka muuguzi akageuka. "Kuna mtu ameingia shambani kwangu!"

Alikuwa tayari amekagua kama kuna kilichoibwa. Hakikuibwa kitu. Mchezaji mwingine, wa nchi ambayo hatukuijua, alikuwa amepita na kumwagilia karoti zake zote. Gemu ile huwapangia wachezaji majirani bila kuwauliza. Jina la huyo jirani lilikuwa kwa herufi ambazo hakuna aliyeweza kuzisoma pale wodini. Mama aliamua ni mwanamke. Mwanamume, alisema, asingemaliza mistari yote bila kukanyaga.

"Kwake kunaendwaje?" akaniuliza.

Nikamwonyesha pa kubonyeza. Akafika huko ng'ambo, akatazama, akaguna kwamba mwenzake amepanda mahindi kwa kubanana. Kisha akamwagilia mmea mmoja baada ya mwingine, taratibu, ulimi umetoka pembeni ya mdomo. Tangu siku hiyo alianzia kwa jirani kila mara kabla ya kwenda kwake. "Nikianza kwangu nitachoka," alisema, "halafu nimwambie nini?"

Muuguzi naye akaizoea. "Shosho, leo umelima?" angemwuliza.

"Nimetoka kwa jirani sasa hivi," mama angejibu, kwa maringo ambayo sikuwa nimeyaona tangu aache jembe. Nyumbani Majimbo alianza kuvua viatu.

Alifariki asubuhi moja kitandani kwangu, chai niliyomletea ikiwa bado inatoa mvuke. Tukamrudisha Siakago. Wenzake wa kulimiana walibeba kuni na maji, wakatupikia, na hakuna aliyegusa jembe mpaka tulipomzika, ingawa mvua ilikuwa imeanza na kila siku ilikuwa na maana kwao. Mmoja aliniambia mama alikuwa hachelewi zamu hata siku moja. Nilitaka kumweleza kwamba hata mwisho hakuchelewa, kwamba alikuwa na mahali pa kwenda. Utamwambiaje mtu mwenye matope miguuni kwamba mama yako alikuwa akilima kwa simu?

Niliporudi Majimbo, kaka yangu akaniambia niifute ile kitu, inanisumbua bure. Nikaiwasha simu nikiwa nimekusudia kuifuta. Katika gemu ile mmea usipomwagiliwa hunyauka haraka, kwa hiyo nilitarajia kukuta majani makavu na yule kuku amelala. Shamba lilikuwa kijani kibichi. Siku zote za msiba, jirani alikuwa akija. Tulipokuwa tukichimba kaburi alikuja, tulipokuwa tukizika alikuja.

Nililia kuliko nilivyolia kaburini. Tena nilimkasirikia, Mungu anisamehe. Kijiji kizima kilikuwa kimeweka majembe chini, na huyu bado anamwagilia karoti! Lakini angejuaje? Kwetu mtu hupita njiani akapeleka habari, jirani akasikia. Kwenye gemu ile huwezi kuandika neno. Kuna vijipicha tu vya kutuma: uso unaocheka, moyo, mkono wa salamu, uso unaolia. Nikatuma uso unaolia.

Kesho yake nikakuta jibu: uso unaolia, na kikapu cha karoti. Nilikitazama kile kikapu muda mrefu. Kwetu pia watu huja na chakula. Labda alielewa. Labda alidhani kuku wangu amekufa. Siku iliyofuata alimwagilia tena kama kawaida, akaacha mkono wa salamu.

Sikuweza kuifuta. Mtu alikuwa amekuja kwa mama siku zote zile, na mama hakuwa amekwenda kwake. Nikaenda. Nikamwagilia yale mahindi yaliyobanana, mstari kwa mstari. Tangu hapo nakwenda kila siku kabla ya kazi, nikianzia kwake.

Nikimaliza, gemu hutuma taarifa kwa yule jirani, na nakala yake huipata mimi. Inataja jina la mama, lile la kuzaliwa, kisha inasema kwamba leo amefika na amemwagilia mimea yote. Kuna mahali pa kubadilisha jina. Nimepafungua mara nyingi. Siku moja niliandika langu, nikalitazama, nikalifuta. Kuna mtu huko, sijui nchi gani, ambaye kila asubuhi bado anaambiwa kwamba mama yangu ameamka, amekuja kwake, na amefanya zamu yake, na mimi sina nguvu ya kumwambia vinginevyo.