Bosi wangu wa zamani alipanda hadi Rombo na jani la isale

Wakuu, poleni na majukumu. Hii ya leo sijatunga, na anayenijua humu ataitambua hata nikibadilisha majina. Kichwa hakitulii, acha niimwage.

Mimi ni mwokaji. Kazi nilijifunzia bekari ndogo pale Njoro, ya mama mmoja nitamwita Mama Aika. Tulikuwa watatu tu: yeye kaunta, dada mmoja wa kukanda unga na kufungasha, na mimi kwenye oveni na keki.

Watatu maana yake hakuna wa akiba. Ukiugua, unaugua umesimama. Mkataba hakuna, bima hakuna, ila chai ya maziwa haikosi. Nilipapenda, nisiseme uongo.

Sasa bibi yangu aliyenilea akafariki kule nyumbani, Mkuu, Rombo. Mazishi yakapangwa Jumamosi. Na Jumamosi kwa bekari ni siku ya harusi, keki zote zinatoka siku hiyo.

Nikaomba ruhusa. Mama Aika akanijibu, "Pole sana, baba. Lakini Jumamosi hapa hapafungwi. Malizia keki, utawahi tu."

Mchagga mwenzangu, anayejua msiba ni nini, ananiambia nitawahi! Iliniuma mpaka leo.

Nilipanda gari mikono inanukia vanila. Nafika, watu wanaweka mashada. Sikutia hata konzi ya udongo kwenye kaburi la bibi.

Jumatatu sikurudi Njoro.

Nikapata hoteli kubwa mjini. Wakuu, nilijiona nimeokoka. Mkataba, sare, kadi ya bima yangu na ya mke wangu, ambaye sasa hivi ni mjamzito. HR ana ofisi yenye kiyoyozi, na fomu ya likizo ya msiba ipo kabisa.

Kumbe kampuni kubwa ina watu wengi kwenye karatasi. Kwenye mikate tuko wawili. Wageni wa kupanda mlima wakijaa, off yako inafutwa kwenye group la WhatsApp na vile vikatuni vya mikono ya kuomba. Juzi mwenzangu kaugua, nimeunganisha shifti mpaka miguu ikavimba. Supavaiza anasema tuvumilie, tuko short. Tuko short tangu niingie!

Mwezi uliopita nikabahatika kupata off ya Jumamosi. Baba akanipigia, nipande nyumbani haraka. Nikadhani anaumwa.

Nafika, namkuta Mama Aika amekaa uani, ameshika jani la isale.

Kwa wasio wa huku: isale ni mmea tunaopanda mipakani mwa kihamba, shamba la ukoo. Ukimkosea mtu ukamletea jani lake, unaomba msamaha, na aliyeletewa hakatai.

Nikamwamkia, "Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Nimekuja kwa ajili ya bibi yako. Nilikosa. Nisamehe, na ukiweza, urudi."

Nikamtazama baba. Akasema neno moja tu, "Isale halirudishwi."

Nikalipokea. Nilisamehe kweli, na machozi yalinitoka mbele ya mzee. Lakini swali moja lilibaki.

"Mama, leo Jumamosi. Bekari umemwachia nani?"

Akainamisha macho. "Nimefunga, baba."

Kumbe panafungika.

Nikamwambia kusamehe nimesamehe, ila kurudi ni habari nyingine: kwanza aweke mwokaji wa pili, na aniandikie mkataba wenye bima. Baba alinuna, akaona nimechanganya isale na biashara. Mama Aika akamaliza taratibu mbege aliyokaribishwa, ile pombe yetu ya ndizi, akasema atatafuta mtu.

Juzi kanipigia, kampata. Mke wangu hataki kusikia habari za Njoro kabla hajajifungua, na simlaumu, kadi yake ya bima ni ya hoteli. Mimi nipo katikati, usingizi hauji.

Nilichojifunza: kwenye usaili nilikuwa naulizia mshahara tu. Sasa ningeanza na hili: nikipata msiba, oveni anashika nani? Kule kudogo hakukuwa na mtu. Kule kukubwa kuna fomu, na fomu haiwezi kuoka mkate.

Mlioajiriwa na mlioajiri, nishaurini, hata mkinisema napokea. Ila kabla hujaniandikia, jijibu wewe kwanza: ukifiwa leo, nani anashika nafasi yako?